Shanga Mia Tisa na Sitini Angani

Hesabu niliipiga mimi. Nalisema mapema, asije mtu akamlaumu wifi yangu. Miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa ghala la saruji, na haukupotea mfuko hata mmoja. Kwa hiyo wifi aliponiuliza ndege inachukua muda gani hadi mji anakoishi binti yake, nilivaa miwani kwa maringo, nikaitandaza tiketi mezani, nikasoma. Kuondoka 04:00. Kufika 18:00. Kumi na nane toa nne.

"Saa kumi na nne," nikamwambia.

"Una hakika?"

"Wifi, mimi nimehesabu saruji ya nusu ya nyumba za mji huu."

"Na umbali?"

"Kilomita elfu saba na mia tisa. Yule dada wa tiketi ndiye aliyesema."

Akafumba macho, midomo ikimchezacheza, vidole vikigonga meza. Alipoyafumbua alicheka kile kicheko chake cha kumfukuza kuku kwenye mayai. "Zinatosha! Shanga zote zinatosha!"

Huyo ndiye wifi, mke wa kaka yangu, fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Mama Futi, kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni. Nimewahi kumkuta amelala nayo. Kibanda chake kipo kati ya kinyozi na duka la betri. Kina cherehani ya kukanyaga, kioo chenye ufa, na stuli ya wateja ambayo mguu wake mmoja umefungwa kwa kamba ya nailoni. Kukaa bure hakujui. Akipanda basi anashona, akingoja daktari anashona, na safari zote za duniani anazipima kwa kazi ya mkono. Kwa mama yake mzazi ni upindo wa gauni moja na nusu. Hospitali kuu ni vifungo sita, na foleni ikiwa ndefu, tisa. Ukimwuliza benki ni mbali kiasi gani atakujibu, "Aa, karibu tu, hata kola huimalizi." Watu wanacheka, lakini mimi nimesafiri naye miaka ishirini na tano na sijamwona akikosea kwa zaidi ya kifungo kimoja.

Sasa, binti yake alikuwa anaolewa. Ni binti huyohuyo mmoja, aliyempata baada ya kukata tamaa, na alikuwa ng'ambo mwaka wa sita. Miaka yote hiyo mama na mwana walionana kwa simu tu, na kwa kuwa wifi hajui kuishika simu, binti aliona zaidi dari kuliko mama. Siku aliyotangaza harusi alisema, "Mama, sitaki gauni la dukani. Nitavaa utakalonishonea wewe, au nitaolewa nimevaa suruali." Wifi akalia, akapenga kamasi, akaenda kununua kitambaa.

Lilikuwa gauni jeupe, refu, la kumfanya hata kinyozi anyamaze. Pindo lake lilizunguka inchi mia moja na sitini, na juu ya pindo ilitakiwa mizunguko mitatu ya shanga, ushanga mmoja kila nusu inchi. Ukizidisha unapata mia tisa na sitini. Gauni lenyewe lilikwisha zamani. Shanga haikuwapo hata moja.

Hapo ndipo penye mwiko wa wifi. Gauni la harusi halimaliziwi mpaka siku iwe ya uhakika. Mara mbili maishani aliwahi kumaliza mapema, na mara zote mbili harusi ikaota mbawa. Gauni moja linaning'inia kibandani mpaka leo likila vumbi, na yule aliyekuwa awe bwana harusi ameshakuwa babu kwingine. Basi akaapa hatagusa shanga mpaka aione viza. Mpango ulikuwa tufike wiki nzima kabla, binti asimame juu ya kiti, mama ashone kwa raha zake. Lakini viza ikatuzungusha. Leo karatasi hii, kesho picha ile, masikio yaonekane, masikio yasionekane. Muhuri ulipogongwa ilikuwa saa nane mchana, siku moja kabla ya harusi, na nafasi zilizobaki zilikuwa kwenye ndege ya alfajiri inayotua siku yenyewe. Kutua, saa kumi na mbili jioni. Ndoa, saa moja na nusu.

Tungeweza kuanza kushona jioni ileile. Lakini kulikuwa na sare za wateja kumi na mmoja za kurudisha, kulikuwa na mabegi, na zaidi ya yote kulikuwa na hesabu yangu. "Ya nini kupaparika?" nikasema. "Tuna saa kumi na nne za kukaa tu." Wifi hushona shanga themanini kwa saa. Chukua kumi na nne, toa mbili za kula, choo na hofu, zidisha. Mia tisa na sitini kamili! Tulicheza pale kibandani, watu wazima wawili wenye magoti mabovu, mpaka kinyozi akaja kuchungulia na mashine yake ingali inanguruma mkononi.

Kaka yangu hakuja. Ni dereva wa lori, ameendesha milima na mabonde, lakini hata ngazi ya kubadilishia balbu anaiogopa. "Dada, nenda wewe," alisema. "Mimi nitatazama kwenye simu." Alilisema haraka mno, na hata hakuuliza kama mimi naogopa. Naogopa sana, kwa taarifa yake.

Uwanjani afisa mmoja aliukuta mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, akauweka kando kwa heshima kama mtu aliyekamata nyoka. Sindano alituachia. "Sasa uzi utakatia nini?" nikamwuliza wifi. Akanionyesha meno.

Ndani ya ndege mimi nilikaa dirishani, wifi katikati, na kiti cha tatu kikashikwa na bwana mnene mchangamfu aliyejitambulisha kuwa anauza vipuri vya magari. Wifi alimwomba radhi, akatandaza shuka safi juu ya mapaja ya sote watatu, akalishusha gauni juu yake. Bwana Vipuri akawa amekaa na mikono juu kana kwamba ametekwa, kisha akalala vivyo hivyo. Kabla magurudumu hayajaacha ardhi, wifi alikuwa ameshatia shanga nne. Tulipokuwa tunapaa, mimi nilimwahidi Mungu mambo mengi, mengine siyawezi. Yeye alisema tu, "Karani, ushanga."

Kazi yangu ilikuwa kushika kopo la shanga na kutia uzi kwenye sindano. Baada ya saa moja nilizoea, roho ikatulia, nikaanza kuchezea kile kioo kidogo kilicho mgongoni mwa kiti cha mbele. Pakatokea ramani na kindege, na chini yake tarakimu. Muda uliobaki: saa saba na dakika ishirini.

Nikasoma tena. Kumi na nne toa moja, kumi na tatu. Nikadhani kioo kimeharibika. Nikachungulia cha abiria wa mbele, nacho saba na ishirini. Kisha nikaona mstari wa mwisho: saa ya mji tunaokwenda, 10:00. Saa yangu ya mkononi ilisema kumi na moja alfajiri.

Kule jua linatangulia! Saa zao ziko mbele ya zetu kwa tano. Tiketi iliandika kuondoka kwa saa ya kwetu na kufika kwa saa ya kwao, nami, karani mzima, nikatoa moja kwenye nyingine kana kwamba ni saruji ya ghala moja. Safari nzima ilikuwa ya saa tisa. Zile tano nilizomgawia wifi hazikuwapo popote, si chini wala juu.

Mtu mwenye akili angesema palepale. Mimi nilivua shali, nikakifunika kioo changu, kisha nikavuta blanketi la ndege nikakifunika na cha wifi.

"Vipi?"

"Mwanga unaniumiza macho."

"Pole, wifi."

Akaendelea, na hapo ndipo mateso yangu yalipoanza, maana hajawahi kuwa na raha kama siku ile. Akawa anaimba. Akasimamisha sindano kutazama mawingu: "Ona, kama pamba ya godoro!" Chakula kilipoletwa alikataa chai isije ikamwagikia gauni, lakini mkate akaomba wa pili, akautafuna polepole kama mtu aliye likizo.

"Wifi, kaza mkono kidogo," nikasema.

"Tuna siku nzima."

"Hata hivyo."

"Karani, umeanza lini kuharakisha kazi za watu? Hebu nijinyooshe nusu saa."

"Usilale!" nikapiga ukelele uliomleta mhudumu mbio. Nikamwambia naomba maji. Nilikunywa bilauri tatu bila kiu, na choo nilikuwa nakiogopa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami niliufunika ule uchi saa tatu nzima. Kisha Bwana Vipuri akaamka, akapiga miayo, na sauti ya rubani ikasikika kwa lugha ya kigeni, na abiria wakapiga makofi.

"Wanashangilia nini?" wifi akauliza.

"Leo tuna bahati, mama," akasema Bwana Vipuri. "Njia hii nimeipita mara kumi na nane, sijaona upepo mzuri hivi. Uko mgongoni kwetu. Zimebaki saa nne tu, na tunatua dakika arobaini kabla ya wakati!"

Sindano ya wifi ikasimama. Alikuwa kwenye ushanga wa mia tatu na kumi. Hata mzunguko wa kwanza haujafunga.

"Wifi," akasema taratibu.

"Naam, wifi."

"Zimebaki saa ngapi?"

Nikatazama mawingu. Kwa kweli yalifanana na pamba ya godoro.

"Toa hiyo shali."

Nikaitoa. Nikamweleza yote, jua, saa tano, ghala moja na ghala jingine, huku nikiwa nimelikumbatia kopo la shanga. Alinitolea macho. Nilingoja anipige na futi.

"Miaka thelathini na moja," alisema. "Miaka thelathini na moja ghalani! Hizo nyumba zimesimamaje?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kiganja cha mkono, mimi nikacheka kwa woga, kisha nikacheka kweli, na Bwana Vipuri akacheka sana ingawa hakuna aliyemwambia kitu. Tuliponyamaza wifi alibonyeza kitufe cha kumwita mhudumu.

"Mwanangu, mwambie rubani apunguze mwendo."

"Kuna tatizo, mama?"

"Anakwenda mbio. Kapewa saa tisa, azitumie zote tisa."

Yule mhudumu alitazama gauni, akatazama kopo, akaelewa kuliko nilivyotarajia. Alikwenda mbele kweli, akarudi. "Rubani anakupa hongera kwa harusi, lakini anasema upepo si wake."

"Mama, lakini ukifika mapema si unapata muda zaidi chini?" akauliza Bwana Vipuri.

"Chini kuna foleni, baba. Hapa nina meza, nina taa, na hakuna anayenisukuma."

Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa miaka ishirini na tano. Alichomoa sindano ya pili kwenye kola yake, akanipa. Mimi nilipigwa marufuku kugusa nguo zake tangu siku nilipomshonea kaka kifungo na mfuko wa shati nikaufunga pamoja nacho. "Shona nyuma, mzunguko wa juu, palipo na mikunjo," alisema. "Na ukishona vibaya, shona vibaya kwa haraka." Bwana Vipuri akapewa kazi yangu. Vidole vyake ni vya kufungua nati za trekta, lakini ulimi ukiwa nje na jicho moja limefumbwa, alikuwa akipitisha uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza. Wahudumu wakawa wanapita kupeleka habari za idadi safu za nyuma. "Mia tano!" nikasikia mtu asiyetujua akimwambia mwenzake. Jamani, niliipenda dunia siku ile! Niliwapenda wote, hata yule aliyekuwa akikoroma.

Magurudumu yalipogusa ardhi watu walipiga makofi tena, na sauti moja tu ikapinga. "Bado!" alisema wifi. Tulikuwa na mia nane na kumi.

Kwenye foleni ya uhamiaji alikaa juu ya begi akishona, mimi nikiwa nimelibeba gauni mikononi kama mtoto wa kubatizwa, na kila foleni ilipojongea Bwana Vipuri alilivuta begi na wifi juu yake. Tulipofika kwa afisa, Bwana Vipuri ndiye aliyetutafsiria.

"Anauliza mmekuja kufanya nini."

"Shanga," akajibu wifi bila kuinua macho.

"Harusi," nikasema haraka.

Afisa alimtazama, akatazama pindo, akagonga muhuri.

Nje tulipokewa na shemeji wa binti, na Bwana Vipuri akatuaga huku akijikuna jicho. Ndani ya gari, kila taa nyekundu ilikuwa na baraka ya shanga tatu. Shemeji huyo alikuwa dereva mzuri, anayejua njia za mkato, na wifi alimchukia safari nzima. Tulifika ukumbini zikiwa zimebaki tisini.

Binti alikuwa katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi, amevaa joho la kuogea, nywele zimeshatengenezwa. Mlango ukafunguka. Miaka sita! Mimi nilidhani kutakuwa na vilio na kuanguka. Wifi alisimama mlangoni, akaivuta futi shingoni, akamwendea, akaizungusha kiunoni mwa mwanawe na kusoma.

"Umepungua inchi moja," alisema.

"Mama."

"Inchi moja na robo. Unakula nini huku?" Kisha akamkumbatia na futi ikiwa bado katikati yao.

Dakika hiyo ndiyo pekee aliyopumzika. Gauni likavaliwa, likakaa kana kwamba lilikatiwa juu ya mwili wake, ile inchi ikamezwa na mshono wa kiunoni. Binti akasimama wima, mama akapiga magoti sakafuni na kuanza kuzunguka pindo, na mimi nyuma yake na kopo. Mlango ukagongwa: tayari? Bado. Ukagongwa tena. Bado! Mara ya tatu ilikuwa imebaki shibri moja, shanga kumi na nane.

"Wifi, basi," nikasema. "Hakuna atakayeona."

"Mimi nitaona."

"Twende tu, mama," akasema binti. "Utamalizia njiani."

Basi tukatoka hivyo. Ule ujia hadi mlango wa ukumbi hauzidi hatua thelathini, na tuliutembea kwa mwendo wa kobe, bibi harusi mbele akihesabu kwa sauti, mama ameinama nyuma yake akichoma sindano, wote wawili wakicheka kama wasichana waliotoroka shule. "Kumi na sita! Kumi na saba!" Na pale mlangoni, kinanda kikiwa kimeanza, "Kumi na nane!"

Wifi akapiga fundo. Akauweka uzi katikati ya meno.

Wala hakuukata.

"Mama, kata," akasema binti.

"Nakata."

Akabaki ameinama, uzi uko menoni, macho yamefumbwa. Nilitaka kumtania. Nina msemo wa kufaa kabisa, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, nilikuwa nimeuhifadhi tangu nyumbani. Nililia mimi, ambaye sikuzaa wala sikushona, isipokuwa shanga tisini na tano zilizopinda.

Binti akageuka, akaelewa. Alimwinua mama yake, akaichukua sindano na uzi wake wote, akaichomeka kwenye kola ya mama, palepale inapokaa siku zote. "Twende hivihivi," alisema. Akamshika mkono, mlango ukafunguliwa, wakaingia.

Mimi nilinyanyua simu ili kaka aone. Kule kwake ilikuwa saa nane na nusu mchana. Safari hii nilitoa tano bila kuambiwa. Alikuwa amekaa kibandani kwa mkewe, kwenye ile stuli yenye kamba, na kinyozi begani kwake.

"Dada, mbona wanatembea wamebanana hivyo?" akauliza.

"Uzi ni mfupi," nikamwambia.